Kivimbe Chenye Miguu

Nyumbani kwa Chiriku siku huanza kwa kelele za ndoo. Baba hukamua ng'ombe, mama huwapelekea wateja maziwa, bibi hutoa amri akiwa kitini, na Chiriku huwakatia ng'ombe majani huku akiimba. Jina hilo alipewa na bibi, maana tangu ajue kusema hajajua kunyamaza. Lakini Jumatano hiyo alikata majani kimya kabisa.

"Mjukuu wangu, leo umemeza nini?" bibi akauliza.

"Sijameza kitu, bibi. Naitunza sauti. Jumamosi tuna mashindano."

Hilo lilikuwa kweli, ila kweli nusu. Chiriku ndiye aliyechaguliwa kuanzisha wimbo wa kwaya ya shule, na furaha yake haikuwa na mfano. Kisha nyuma ya sikio lake kikatokea kivimbe chenye kuwasha. Na mwalimu wa kwaya alikuwa ameshatangaza kwamba upele umeingia shuleni, na kwa kuwa huambukiza kwa kugusana, mwenye nao atakaa nyumbani mpaka atibiwe. Tangu asikie hayo, Chiriku alijifunga kitambaa kichwani na kukataa kukivua. Aliogopa sana kukosa mashindano.

Siku hiyo ilikuwa ya kuogesha ng'ombe. Baba alikoroga dawa ndani ya ndoo, akajisifu kama kawaida yake. "Dawa hii haina mchezo! Kupe, viroboto, utitiri, wote chali!"

Chiriku akatega sikio. Mwalimu alikuwa amewaambia kwamba upele huletwa na utitiri. Basi dawa si hii hapa? Baba alipokwenda kumfungua ndama, yeye akavua kitambaa na kuinama juu ya ndoo ili achovye ncha yake.

"Wee! Acha hiyo!" Baba alikuja mbio, ndala moja ikabaki nyuma. "Hiyo ni sumu! Unataka kufanya nini?"

Chiriku akaangua kilio na kusema yote. Baba alimnawisha mikono kwa sabuni, kisha bibi akakikagua kivimbe.

"Upele gani huu ulio peke yake, hauna hata jirani?" bibi akashangaa.

"Mimi naona ni sugu," alisema baba.

"Sugu nyuma ya sikio! Kwani huyu hubebea mizigo masikioni? Mpeleke zahanati, mwanangu."

Tabibu wa zahanati, mama mmoja mcheshi, alivaa glavu, akasogeza taa na kuangalia kwa makini. Mara akacheka.

"Binti, kivimbe chako kina miguu."

Chiriku nusura aruke dirishani. Baba akamshika bega.

"Tulia. Ni kupe, pengine umemtoa kwenye majani. Upele ni mambo mengine. Utitiri wa upele ni mdogo mno, huchimba vijia ndani ya ngozi, na mtu huwashwa zaidi usiku, hasa katikati ya vidole. Kupe huzamisha mdomo tu kwenye ngozi, mwili unabaki nje, anafyonza damu."

"Kumbe! Ningempaka mafuta ya taa," alisema baba.

"Usithubutu, mzee wangu. Ukimpaka mafuta au ukimchoma, anaweza kumwaga mate yenye vijidudu mwilini mwa mtoto."

Alichukua kibano chembamba, akamkamata kupe karibu kabisa na ngozi, akamvuta polepole bila kumsokota. Kisha akapasafisha mahali pale kwa dawa.

"Ukipata homa, kichwa kikakuuma au ngozi ikawa nyekundu, rudi upesi. Na dawa ya ng'ombe muachie ng'ombe."

"Na mashindano je?"

"Kaimbe! Kupe haambukizwi kwa kushikana mikono."

Chiriku aliimba njia nzima mpaka shuleni, na baba akaitikia kwa sauti yake mbovu. Jioni kwenye mazoezi alisimama mbele ya wenzake, akasimulia kila kitu, hata habari ya ndoo. Kwaya ilicheka mpaka machozi. Kicheko kilipoisha, mkono mmoja ukainuka nyuma.

"Mwalimu, mimi nawashwa vidoleni. Nilikuwa naficha."

"Hata mimi," mwingine akasema. Wa tatu naye akainua mkono wake.

Mwalimu hakuwakemea. Aliwapeleka zahanati jioni hiyo hiyo, wakapewa dawa ya kujipaka wao na watu wa nyumbani kwao, wakaambiwa wafue nguo na mashuka kwa maji ya moto na kupumzika nyumbani kidogo.

Jumamosi tabibu aliwaruhusu, na kwaya ikapanda jukwaani bila pengo. Chiriku alianzisha wimbo, wenzake wakaupokea kwa nguvu, na bibi akapiga vigelegele kabla haujafika hata katikati. Waliposhuka, mwalimu aliwakusanya, uso umejaa furaha.

"Wanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Mwili ukikueleza shida, mwambie mtu mzima siku hiyo hiyo, wala usijitibu kwa kubahatisha. Mngenyamaza Jumatano, leo ningeimba peke yangu, na sauti yangu mnaijua!"