Taipureta Iliyoota Moto

Mwezi wa Julai Iringa ni baridi kweli. Ukungu unashuka mpaka milangoni, na mtu akimwamkia jirani, mvuke unamtoka mdomoni. Asubuhi kama hizo Severina aliamka kabla ya wengine akawasha jiko la mkaa. Hakuliwasha kwa ajili ya chai. Chai ilisubiri zamu yake. Kwanza aliibeba taipureta yake kwa mikono miwili, akaiweka juu ya kigoda, karibu kabisa na moto.

Mumewe, Edmund, alimtazama kutoka kitandani.

"Mama Vere," alisema, "siku hizi mashine inaota moto kuliko mimi."

"Wewe ukisikia baridi unasema. Yenyewe inaganda tu."

Edmund alikuwa anatania, lakini Severina hakucheka. Alikuwa amechoka. Alichoka jana, na juzi, na mwaka jana pia. Kulala hakukumsaidia tena.

Edmund zamani alikuwa dereva wa lori kwenye barabara kuu ya Zambia. Siku moja lori lilipinduka, naye akaumia mgongo. Tangu hapo aliweza kukaa kidogo na kutembea kidogo, basi. Mzigo wote wa nyumba ukamwangukia mkewe.

Severina alipiga taipu kwenye baraza la duka moja karibu na posta. Miaka ile watu wazima wengi walikuwa wamesoma madarasa ya jioni. Walijua kuandika, na walijivunia mwandiko wao. Lakini baadhi ya ofisi zilitaka barua iliyopigwa taipu. Kwa hiyo watu walimletea Severina karatasi zao: maombi ya kazi, mihtasari ya mikutano ya kijiji, barua za kuomba uhamisho. Ugali wa nyumba ile ulitoka kwenye vidole vyake.

Nyumba yenyewe iliezekwa kwa nyasi, nazo zilikwisha kuoza. Mvua ikinyesha, Severina alikisukuma kitanda cha Edmund kutoka kona hii hadi kona ile, na Edmund mwenyewe akiwa juu yake. Pale palipovuja aliweka beseni. Kwingine kukianza kuvuja, alilihamisha beseni, akakisukuma kitanda tena. Masika yaliyopita miguu ya kitanda ilichimba mifereji kwenye sakafu ya udongo.

Lakini mwaka huu palikuwa na tumaini. Chumbani, ukutani, yaliegemezwa mabati mapya. Severina aliyanunua moja moja kwa muda wa miaka minne. Mawili aliletewa na binti yake Verediana, aliyeolewa Ruaha Mbuyuni, baada ya kuuza vitunguu vyake. Sasa yalitosha nyumba nzima. Kazi ya kuezeka ingefanywa kabla ya mvua za Desemba.

Basi ikaja asubuhi moja ya Jumatano. Katibu wa kijiji alishuka kwenye lori akiwa na kurasa saba mkononi. Alitaka zipigwe taipu upesi, kwa sababu lori lile lile lingemrudisha kijijini saa nne.

Severina akaweka karatasi. Akapiga herufi ya kwanza. Kile chuma chembamba chenye herufi kikapanda, kikagusa karatasi, kikabaki pale pale juu. Akakirudisha kwa kidole. Akapiga ya pili. Nayo ikabaki juu. Maandishi yenyewe yalionekana hafifu, na karatasi iliteleza ikaenda upande.

"Ngoja jua litoke kidogo," Severina alisema. "Ikipata joto inafanya kazi vizuri."

Katibu alingoja. Alitazama jua, akatazama saa, akatazama mashine. Mwishowe akakusanya kurasa zake.

"Samahani, mama. Lori litaniacha. Nitatafuta mtu mwingine."

Huyo alikuwa mteja wa tatu kuondoka wiki ile. Severina alikaa pale akiwa ameshika kichwa. Machozi yalimlenga, lakini hata kulia aliona ni kazi.

Alipokuwa anarudi nyumbani alipitia duka la vifaa vya ofisi. Taipureta mpya ya kijani ilikuwa dirishani. Muuza duka alimruhusu kuijaribu.

"Iliyobaki ni hii moja," alisema yule muuza duka. "Nyingine sijui zitaletwa lini. Ukichelewa, usinilaumu."

Severina akapiga jina lake. Herufi zilipanda na kushuka zenyewe, laini, bila kubembelezwa. Alihisi vidole vyake vimepumzika. Alitamani kukaa pale dukani mpaka jioni akipiga jina lake tu.

Nyumbani alimwambia mumewe, "Baba Vere, nimeamua. Nauza mabati. Yotamu mwashi anayatafuta siku nyingi. Nitanunua mashine mpya."

Edmund aligeuka akayatazama mabati pale ukutani.

"Bati ni zako. Umezinunua kwa vidole vyako. Ila bati zenyewe siku hizi hazipatikani. Ukiuza leo, zingine utaziona lini?"

"Bila mashine tutakula nini? Bati?"

"Sijakukataza, mama. Mimi kitanda changu kinasukumwa tu."

Maneno hayo yalimchoma Severina kuliko kama angegombezwa. Hata hivyo alikwenda kwa Yotamu. Walikubaliana kwamba atakuja na mkokoteni Jumamosi mchana kuyachukua.

Ijumaa asubuhi jirani yao Damari alikuja kuomba moto. Alikuwa na kigae mkononi cha kubebea makaa. Damari alikuwa karani katika ofisi ya shule, na yeye pia alipiga taipu kila siku.

"Kamwene, Mama Vere."

"Kamwene, mwenzangu. Pita, moto upo."

Damari aliinama achote makaa. Hapo ndipo alipoiona taipureta juu ya kigoda, inaota moto kama mgonjwa wa homa. Akasahau makaa.

"Mama Vere! Unaipika?"

"Naipasha. Asubuhi inakuwa ngumu."

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Baridi imenifundisha."

Severina akamweleza yote: wateja walioondoka, mashine ya kijani, mabati, mkokoteni wa kesho. Damari alitikisa kichwa.

"Sikiliza. Fundi Jailos yuko shuleni kwetu. Ametoka Mbeya kuja kutazama mashine zetu, na kesho asubuhi anaondoka. Nitamwomba apite hapa jioni. Usiuze kitu kabla hajaiona hii."

"Atasema nini zaidi? Imezeeka tu, kama mimi."

"Hata wewe ukiumwa unakwenda hospitali," Damari alisema. "Hatununui Mama Vere mpya."

Hapo Severina alicheka, kidogo tu.

Fundi Jailos alipiga hodi jua likiwa bado halijazama, Damari akiwa ameshamweleza yote. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye sanduku la vyuma na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisalimia, akampa pole Edmund, akakaa mbele ya taipureta. Hakugusa kitu kwanza. Aliinamisha pua akanusa.

"Hapa pananukia maandazi," alisema. "Mama, unatia mafuta gani?"

"Ya alizeti," Severina alijibu. "Tena mazuri, siyo machafu. Mashine hii niliuziwa na sista wa misheni alipokuwa anarudi kwao. Aliniambia, 'Usisahau mafuta.' Sijasahau hata wiki moja. Mwaka wa sita huu."

Jailos alivua miwani akamtazama kwa huruma.

"Sista alisema kweli, lakini hakumalizia. Mafuta ya kupikia yanakauka yakawa gundi. Kukiwa na baridi gundi ile inaganda. Ndiyo maana asubuhi herufi zinabaki juu, na mchana zinarudi. Wewe ukaona mashine inahitaji moto. Sasa moto umeleta majivu, na majivu yameshikwa na gundi. Na hii roli ya mpira inayobeba karatasi, joto limeikausha. Gusa. Imekuwa ngumu kama mwiko. Karatasi lazima iteleze."

Severina akagusa. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Halafu akakasirika, na hakujua amkasirikie nani. Miaka sita alikuwa anaiua mashine yake kwa bidii, na kila wiki aliona anaitunza.

"Basi imekufa," alisema kwa sauti ya chini. "Kesho nanunua ile mpya."

"Unaweza kununua," Jailos alijibu. "Mashine ile naijua, ni nzuri. Lakini nikuulize, mama. Ile mpya ungeitia mafuta gani?"



"Ya alizeti," Severina alisema.

"Na Julai nyingine ingelala wapi?"

Severina alitazama jiko.

"Ndiyo hapo," Jailos alisema polepole. "Kabla mtu hajanunua kipya, ajue kwanza cha zamani kinaumwa nini. Wengine wananunua, kumbe ugonjwa unahamia kwenye mashine mpya. Haya, jiko litoeni nje, mbali kabisa. Petroli na moto havipatani."

Wakaihamishia mashine uani, mahali penye hewa. Jailos alimpa Severina mswaki wa zamani na petroli kidogo kwenye kifuniko. Hakumfanyia kazi. Alimwelekeza, naye akasugua kwa mkono wake. Gundi ya kahawia ilitoka, pamoja na majivu, nywele na vipande vya karatasi. Kwa pini alitoa uchafu uliojaza matundu ya herufi. Vidole vilimwuma, lakini aliendelea.

"Vyuma hivi vya herufi usivitie mafuta kabisa," Jailos alisema. "Usafi unavitosha. Mafuta ni hapa tu, kwenye reli hizi mbili ambazo roli hupitia. Tone moja la mafuta ya cherehani kila upande, ufute. Jioni funika kwa kitambaa. Baridi yenyewe haiwezi kuidhuru mashine safi."

"Na roli?"

"Roli niachie. Naifungua kesho asubuhi niende nayo Mbeya. Itavishwa mpira mpya, nami nitakurudishia kwa basi baada ya wiki mbili. Damari anaweza kukuazima mashine ya shule jioni, kama mkuu wake akikubali."

Edmund akauliza kutoka ndani, "Fundi, kwa hiyo mtu asinunue kipya kabisa?"

"Anunue, mzee, siku ikifika. Kiunzi cha mashine kikipasuka, au vyuma vyake vikikosekana kwa mafundi, au kazi ikizidi uwezo wake, siku hiyo mimi mwenyewe nitamwambia mama anunue. Hii kiunzi chake ni kizima. Ikitunzwa itamfaa miaka mitatu au minne. Aanze kuweka akiba sasa, kidogo kidogo, anunue bila haraka. Siyo kwa sababu muuza duka kasema imebaki moja."

Jailos akaiacha roli ile ngumu mahali pake kwa muda, akaweka karatasi mbili pamoja ili ya nyuma ilainishe mapigo. "Jaribu," alisema.

Baridi ya jioni ilikuwa imeanza kuingia. Severina akapiga jina lake. Herufi zikapanda, zikashuka. Akapiga tena. Zikashuka. Hakuipasha moto, wala hakuzisukuma kwa kidole. Akaendelea kupiga mpaka kengele ya mwisho wa mstari ikalia. Akafuta macho kwa mkono wenye petroli, yakamwasha, akafuta tena.

Jumamosi mchana Yotamu alifika na mkokoteni wake. Aliingia chumbani akashika bati la kwanza.

"Acha, Yotamu," Severina alisema. "Usiyapakie."

"Mama, tulikubaliana. Nimetoka mbali na mkokoteni huu."

"Tulikubaliana, na nakuomba radhi. Lakini wewe si mwashi? Njoo uyapandishe juu ya nyumba hii. Kazi nakupa wewe, siyo mtu mwingine."

Yotamu alinung'unika, akautazama mkokoteni wake mtupu, akatazama nyasi zilizooza. Kisha akaomba kamba ya kupimia.

Roli ilirudi kutoka Mbeya ikiwa nyeusi na laini. Wateja nao walirudi, mmoja mmoja. Katibu wa kijiji alirudi mwezi wa Septemba na kurasa kumi na moja. Alizipata zote kabla ya saa nne. Taipureta ya kijani iliondoka dirishani, na baada ya miezi michache nyingine mbili zikawekwa mahali pake. Severina alizitazama akipita. Nyumbani alikuwa na kopo lenye tundu kifunikoni, la akiba ya mashine mpya. Hakuwa na haraka nalo.

Mvua ya kwanza ilinyesha Jumapili moja ya Desemba, mchana, baada ya chakula. Ilianza ghafla, ikapiga mabati kwa kishindo. Severina alikuwa anaosha vyombo. Aliacha vyote, akanyakua beseni, akakimbia chumbani kama alivyozoea. Akalishika beseni kwa mkono mmoja, akakishika kitanda kwa mkono wa pili, tayari kusukuma.

"Unanipeleka wapi?" Edmund aliuliza. Ilibidi apaze sauti.

Severina akatazama juu. Akatazama kona zote nne. Sakafu ilikuwa kavu. Alisimama na beseni lake mkononi, hana pa kuliweka.

"Keti, Mama Vere," Edmund alisema.

Alikaa ukingoni mwa kitanda. Akaliweka beseni mapajani, na mvua ikaendelea kunyesha. Baada ya muda kichwa chake kikaanza kulala begani kwa mumewe. Edmund mgongo ulimwuma, lakini hakujisogeza.