Pikipiki Iliyoshuka Kimya

Ndugu zangu wa Mhezi na wa vijiji vyote vya milimani, nisikilizeni, maana nikikumbuka kisa hiki damu bado inanichemka.

Ilikuwa mwaka sabini na nne, asubuhi ya msaragambo, kazi yetu ya pamoja. Pembe ililia alfajiri, nasi sote tukaingia ndani ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia, tukizoa tope huku tunaimba. Akina mama walimenya ndizi pembeni. Melkizedeki, mpiga pembe wetu, akawa anatutania kwamba tunachimba kama tuko ukweni. Ah, ilikuwa asubuhi njema!

Mara tukamwona Rosemary, mkunga wa zahanati, anakuja mbio bila viatu.

"Hezroni yuko wapi? Mkewe ameshikwa na uchungu, na mtoto amekaa vibaya. Hapa mimi siwezi! Achukue pikipiki akalete gari la wagonjwa Same, sasa hivi!"

Hezroni alikuwa kando yangu, tope hadi magotini. Yeye ndiye tuliyemkabidhi pikipiki ya kijiji, tuliyoipata kwa kahawa ya shamba letu la ujamaa, ashuke na wagonjwa na kupanda na dawa. Nilidhani atachomoka kama mshale. Wapi! Alisimama tu.

"Unangoja nini, bwana?" nikamfokea. "Mkeo huyo!"

"Naenda, Anaeli. Naenda."

Alipopita nyumbani kuchukua pikipiki, mkewe, Priska, alimwita kutoka ndani: "Baba Justa, fanya haraka!" Justa ni binti yao wa kwanza.

Sasa niwaambie kilichomkwamisha. Mwaka ule petroli ilikuwa ya mgawo, na sisi tulipata debe moja kwa mwezi. Hezroni alikuwa na ujanja wake. Akifika mteremkoni anazima injini, anaiachia pikipiki iteremke yenyewe hadi tambarare, kimya kabisa. Petroli iliyobaki anainyonya kwa mpira, anampa Linus mwenye kilabu kule chini, ambaye naye alikuwa na pikipiki yake lakini hakuwa na mgawo. Linus anamjazia dengelua, pombe ya miwa, na nyama. Tulijua, jamani! Tulimwita Kimyakimya, tukacheka. Mimi mwenyewe niliinywa hiyo dengelua.

Na siku moja kabla, kwa kuwa siku ya msaragambo hakuna safari, alinyonya karibu yote. Tangini lilibaki funda tu. Angesema palepale, tungemchukua Priska kwa machela saa ileile. Lakini aliona haya. Akawaza: nitateremka hadi kwa Linus, nimwombe petroli, niendelee Same. Akaondoka.

Yaliyofuata alitusimulia mwenyewe, tena akilia.

Alikata kona ya mwisho, tambarare inaanza, upepo unamvumia masikioni. Lo! Tembo! Si mmoja, ni kundi zima linavuka barabara! Tembo akisikia ngurumo ya injini toka mbali, hukusanya watoto wake akajitenga. Hawa hawakusikia kitu. Hezroni akajikuta katikati yao, kulia jike kubwa, kushoto mtoto wake.

Jike likatandaza masikio. Hezroni akapiga kiki. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Akapiga tena. Kimya. Akapiga ya tatu huku anamwita marehemu mama yake. Kimya kabisa!

Jike likapiga yowe, likaja mbio. Hezroni akaitupa pikipiki, akakimbilia jabali la kando ya njia, akalipanda kwa kucha. Huku nyuma akasikia chuma kinalia. Pikipiki yetu ilikanyagwa, ikainuliwa, ikatupwa, ikakanyagwa tena. Kisha kundi likatulia palepale kivulini, likaanza kuvunja matawi bila haraka. Na Hezroni juu ya jabali, jua linamchoma, anahesabu saa za mkewe.

Huku juu tulitega masikio tusikie gari. Saa tatu ikapita, saa nne, saa tano. Saa sita Rosemary akasema, "Gari halipo. Leteni machela."

Wanaume wanane tukampokezana Priska mteremkoni, nusu tunatembea, nusu tunakimbia. Melkizedeki alitangulia akipiga pembe kila kona, watu watoke mashambani kutusaidia. Priska alikuwa anaumwa, jamani. Aliing'ata kanga yake mpaka ikatoboka.

Tulipokaribia tambarare, tembo waliisikia pembe kabla hata hawajatuona. Wakainua mikonga, wakakusanya watoto wao, wakaingia porini taratibu. Pembe tu! Kelele tu! Tukaingia kona ile, tukaona mabaki ya pikipiki, na juu ya jabali, nani yule?

Priska akafungua macho, akamtazama.

"Baba Justa, gari liko wapi?"

Hezroni alishuka, akaweka mti wa machela begani, akabeba nasi. Kwenye barabara kuu tukapata lori la mkonge, na dereva wake, Swalehe, hakuuliza maswali, alitufikisha Same.

Priska alipona. Mtoto, wa kiume, hakulia. "Mngefika asubuhi," daktari alianza kusema, kisha akamwangalia Hezroni, akaacha.

Priska aliporudi nyumbani, kijiji kilikutana. Hezroni akasimama, akaeleza yote: mpira, Linus, tangi. Mwenyekiti wetu, Mzee Aminieli, akauliza, "Nani mwingine alijua?"

Nikainua mkono wangu. Melkizedeki akainua wake. Ikafuata mingine, mpaka ikawa mingi kuliko iliyobaki chini. Priska alikuwa ameketi mbele. Hakumtazama mumewe. Alitutazama sisi.

FUNZO

Ukiiba mali ya wote, hujui siku ya shida atakayeihitaji ni nani. Huenda akawa mkeo. Na wewe unayemcheka mwizi wa kijiji na kula naye, umeushika ule mpira pamoja naye. Wenye pikipiki, mjue kwamba tambarare ina wenyewe tangu zamani: msiwaendee kimya.

Na ukikosea, sema mapema, hata kama uso utawaka kwa haya. Wazee walisema mficha uchi hazai. Sisi wa Mhezi tuliuficha pamoja, na aliyetoka Same mikono mitupu ni Priska.