Tope la Mikono ya Wachimbaji

Kila siku akitoka shule, Zipora alivua sare na kwenda kumsaidia mama yake, aliyewapikia ugali na dagaa wachimbaji wadogo wa dhahabu katika kibanda chake karibu na Bugarama. Wiki ile bwana afya alikuwa ameonya: wachimbaji wanaharisha, na kibanda ambacho wateja wake wanakula bila kunawa kitafungwa Ijumaa.

Zipora hakusubiri kuambiwa. Aliweka ndoo mbili zenye koki juu ya vigoda, akaning'iniza sabuni kwa kamba, akatega beseni chini ya kila koki ili pasiwe na tope. Mabeseni yakijaa, angeyamwaga nyuma ya jiko. Kila kitu kilikaa vizuri, lakini hakuna aliyenawa!

Wachimbaji walizipita ndoo, wakaketi kula kwa mikono yenye udongo. Walimtazama kwa jicho la pembeni. Akigusa beseni, mazungumzo yalikatika. Akipita, mtu alichungulia nyuma ya jiko. Zipora naye akaanza kuwashuku. Au walitaka mama afungiwe?

Alhamisi uvumilivu ulimwishia, akamwendea mmoja wao.

"Shikamoo, mzee Mwita. Mbona hamnawi?"

"Marahaba. Kwani hayo maji utayapeleka wapi?"

"Nitayamwaga nyuma ya jiko."

"Unaona! Tope la mikono yetu liende nyuma ya jiko lenu? Mtalikusanya, mwishowe mpate dhahabu yetu. Sisi si watoto!"

Zipora alikasirika mpaka machozi yakamlengalenga. Dhahabu gani, kwenye kucha?

Bartholomeo, msimamizi wao, hakutaka mabishano. Aliwaamuru wote wanawe, akamimina tope la mabeseni kwenye karai na kulizungusha taratibu mbele yao, kama wanavyochuja dhahabu. Mwishoni kilibaki kipunje kinachong'aa, kidogo kuliko chembe ya chumvi.

"Si niliwaambia!" Mwita alifoka.

Zipora aliinama akakitazama kile kipunje. Kisha akasema, "Basi mabeseni yawe yenu. Tuyahamishie hapa mbele, mnapopita mkitoka shimoni. Mtayamwaga wenyewe kule mnakooshea mchanga."

Ijumaa bwana afya alikuta foleni. Mwita alisugua mpaka ndani ya kucha, asipoteze hata vumbi, na wenzake wakamsimamia asiruke sabuni. Kibanda hakikufungwa.

"Vifaa ulivipanga vizuri, mwanangu," mama alisema jioni. "Ila hukuwauliza watakaovitumia. Ukiwaandalia watu kitu, waulize kwanza, na ukiweke mahali wanapokiona wote. Wakikushuku, usinune. Waoneshe."