Maji Matamu ya Ngama

Aliyeisimulia hadithi hii kwanza ni Inés de Landaluce, mjane wa Bernabé, fundi kalafati wa kuziba nyufa za merikebu, mwaka 1649, Sevilla ilipokuwa na tauni naye amefungiwa ndani pamoja na wifi zake. Safari yenyewe ilikuwa ya 1634, na yeye alikuwamo.

Siku ya tisa tangu waiache Havana, pampu ya merikebu Santa Brígida ilitoa maji yasiyonuka. Merikebu isiyovuja hutema maji meusi ya ngama, yale yanayotuama tumboni mwa chombo, yenye uvundo wa kutapisha, na mabaharia huufurahia uvundo huo kama mkate wa moto. Maji safi maana yake bahari imeingia.

"Fundi, bibi harusi wako anaoga!" walimtania, wakimaanisha merikebu.

Bernabé alishuka na taa, nyundo na katani. Akapapasa kila ungio la mbao. Pakavu. Kesho yake akashuka tena, na keshokutwa. Tundu hakuna, na maji yanapanda.

"Umelipwa kuziba, si kutembea," Nahodha Urquiola alifoka.

"Yaonje, bwana. Hayana chumvi."

"Nionje uchafu? Ukishindwa nakutia pingu humo humo chini, uzame wa kwanza."

Hakuna aliyekubali kuonja. Bernabé akamlalamikia mkewe, na Catalina Sisa akawasikia. Alikuwa mtumishi wa abiria mmoja, mzaliwa wa Potosí, kwenye mlima wa fedha.

"Kaka fundi, husikii sururu huko chini?"

"Nasikia," Bernabé alinong'ona.

"Huyo ni mwenye mgodi, pepo wa chini ya mlima. Kwetu mchimbaji hagusi jiwe kabla hajampa majani ya koka na pombe. Hii fedha tuliyopakia imetolewa kwa pupa, hakupewa kitu. Amefuata mali yake. Mrudishie japo mkuo mmoja, pande moja tu la fedha."

"Kila mkuo una muhuri wa mfalme! Nitanyongwa."

"Basi zama. Mimi nimechoka kuwaambia watu."

Inés alimtazama mumewe. "Mimi sijui kuogelea, Bernabé."

Adhuhuri, wenzake wakila, Bernabé alishuka. Maji yalimfika kiunoni, baridi ya kuuma mifupa, na sururu ikawa inagonga ndani ya masanduku ya fedha yenyewe, sanduku hili, kisha lile, ikimkaribia kila alipopiga hatua, na harufu ya mishumaa ya mafuta, kama ya wachimbaji, ikamjia ilhali yeye hana mshumaa, kisha mtu mfupi, anayekoroma kama aliyejaa vumbi kifuani, akasimama nyuma yake akamwekea mkono mgongoni, naye hakugeuka, akavunja kifuniko, akaubeba mkuo mmoja wa fedha chini ya joho mpaka kwenye tundu la mzinga, akausukuma baharini.

Jioni pampu ikatema uvundo. Mabaharia wakakumbatiana.

"Umeona?" Nahodha alisema. "Tundu ulilijua siku zote, mvivu we!"

Sevilla, masanduku yalipofunguliwa, mikuo yote ilikuwapo. Mmoja ulikuwa unatoka jasho. Bernabé aliwasihi wasiuguse. Maofisa wakamcheka, wakaupangusa, wakaupeleka kuyeyushwa. Sarafu zake ziliingia sokoni kabla ya Krismasi.

Mwaka uliofuata Bernabé alifia kitandani, chumba kikavu. Inés alipomgeuza, kinywani mwake yalimwagika maji ya kujaza ndoo. Aliyaonja. Yalikuwa matamu.

Nahodha alikufa Cádiz, Sisa alikufa kwa tauni. Katika watu wa hadithi hii, aliyekuwa hai siku ya kuisimulia ni Inés peke yake.