Bakuli Kwenye Kitasa

Wazee aliowapelekea chakula walimpa jina la Mbiombio, na jina likamkaa. Alikuwa mwanamke wa kufika, kukabidhi na kuondoka, miguu juujuu kama aliyekanyaga makaa. Jioni ile, giza likianza kuingia, alikuwa amebakiza mlango mmoja tu, ghorofa ya pili, mwisho wa korido. Mlango wa Bibi.

Hawakuwa na undugu. Bibi alikuwa mjane asiyeona, mwenye kutembelea gongo la miguu minne, na alimwita Mbiombio "mjukuu wangu" kwa kuwa wajukuu wake wa damu walishapotea njia. Ukigonga, utamsikia kwa mbali: "Nakuja, nakuja." Kisha gongo. Ko... ko... ko. Mpaka afike, wali umeshapoa, na akifika anakushika mkono haachii. "Kaa kidogo," atakwambia. Mbiombio alikuwa na wanawe nyumbani, nao wanataka kula.

Kazini sheria ilikuwa moja, na msimamizi aliirudia hadi ikachosha: chakula hakiachwi mlangoni. Umwone mtu uso kwa uso, umpe mkononi, uchukue bakuli la jana. Mbiombio aliijua vizuri. Ila kwa Bibi alikuwa ameanza ujanja wake. Anatundika mfuko kwenye kitasa, anagonga, anasikia "nakuja", anajiambia mzima huyo, anashuka ngazi. Kesho yake anakuta bakuli tupu linaning'inia palepale ndani ya mfuko, limeoshwa likatakata. Bakuli likirudi tupu, si mtu amekula? Alijiridhisha hivyo.

Jioni ile alinyoosha mkono kuchukua bakuli la jana.

Lilikuwa na joto.

Si joto la chakula. Lilikuwa joto la kitu kilichopakatwa mchana kutwa. Lilinukia sabuni, na chini ya sabuni... harufu nyingine. Nzito, tamutamu. Aligonga.

"Nakuja, nakuja."

Ndipo alipotambua jambo ambalo masikio yake yalikuwa yakilikwepa siku zote hizo. Sauti haikutoka kwa mbali tena. Ilitoka hapohapo mlangoni.

Chini. Usawa wa viatu vyake.

"Bibi?" alinong'ona.

Na gongo je? Hakukumbuka mara ya mwisho kulisikia.

Jirani wa mlango wa pili alichungulia, taulo begani. "Unamwita nani, dada?"

"Bibi. Nimemletea chakula."

"Mlango huo sijausikia ukifunguliwa wiki nzima. Nilidhani wanawe wamemchukua." Akanusa, akaziba pua kwa taulo. "Hebu sogea, dada."

Alisukuma kwa bega hadi kitasa kikaachia. Mlango ulifunguka kidogo tu, ukazuiwa na kitu kizito kilichokuwa nyuma yake.

Bibi alilala kifudifudi, mkono mmoja ameunyoosha kuelekea mlangoni. Gongo lilikuwa limeanguka kule jikoni. Sinki lilikuwa kavu, lina vumbi.

Daktari alipokuja alisema lile ambalo Mbiombio angetoa chochote asilisikie. Bibi alikufa siku kadhaa zilizopita, lakini hakufa papo hapo. Alivunjika nyonga, akajikokota kutoka jikoni hadi mlangoni, pengine kwa siku mbili. "Nadhani alikuwa akimsikia mtu akigonga," daktari alisema.

Wote wakamgeukia Mbiombio na sare yake ya kazi.

"Nilikuwa nagonga," Mbiombio alisema. "Alikuwa hajibu."

Hakuuliza ni nani aliyekula kile chakula, wala ni nani aliyeosha mabakuli. Angeuliza, ingebidi aseme alichokuwa akikiacha kwenye kitasa. Jirani alimpigapiga begani, akamwambia asijilaumu, kazi ya Mungu haina makosa. Huruma ile ilimchoma kuliko tusi.

Nyumbani aliwapakulia wanawe, yeye hakutia kitu mdomoni. Mikono yake ilinuka sabuni ingawa hakuwa ameosha chochote. Alikuwa akijisemea kwamba kesho, kesho asubuhi na mapema, atamweleza msimamizi ukweli wote, aliposikia kitu nje.

Ko... ko... ko.

Polepole. Kikaja hadi mlangoni, kikatua. Kisha hodi, lakini si pale watu wanapogonga. Chini kabisa ya mlango.

Mbiombio aliinuka, akasimama kati ya wanawe na mlango.

Hodi ikaja tena, kwa upole.

"Mama," binti yake aliuliza, kijiko mkononi, "mbona hujibu?"

Na kutoka upenyoni, usawa wa sakafu, sauti ikamjibu mtoto kwa niaba yake.

"Mwache, mjukuu wangu. Mimi nimezoea kungoja."