Kiwanda Kiko Wapi?

Kila asubuhi mtaa wa viatu huamka na harufu ya gundi. Milango ya mabati hufunguliwa mmoja baada ya mwingine. Nyundo huanza kugonga, cherehani huanza kulia, vipande vya ngozi huanza kuanguka chini. Upande huu fundi viatu, upande ule fundi viatu. Ukitaka kununua kitu kingine hapo, utazunguka sana.

Katikati ya mtaa huo kuna chumba kidogo chenye cherehani moja ya ngozi, meza moja na rafu moja ya mbao. Mwenye chumba ni fundi ambaye wenzake wanamwita Kimya. Maneno anayatumia kidogo kidogo, kama mgonjwa wa presha anavyotumia chumvi. Mke wake mtaa mzima unamwita Shemeji.

Kwa miaka mingi Shemeji alishona nguo za watoto nyumbani kwake. Kisha Kimya akateleza kwenye ngazi, akavunjika mkono wa kulia. Daktari akaufunga plasta. Basi Shemeji akaacha nguo za watoto, akaja kukalia kiti cha mumewe. Kushona alijua. Mtaa ndio hakuujua.

Siku moja akaja mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mama mrefu mwenye miwani. Alitaka viatu vyeusi vya wanafunzi wake wote, viwe tayari kabla shule hazijafunguliwa. Alikitazama chumba. Akautazama mkono wa Kimya.

"Kwani nyinyi mna kiwanda?" aliuliza.

"Kipo," alisema Kimya.

"Haya. Nitakuja mwenyewe kuchukua viatu, na hicho kiwanda nitakiona. Mkishindwa, nitaagiza vile vinavyotoka nje ya nchi."

Alipoondoka, Shemeji alimgeukia mumewe. "Baba watoto, kiwanda kipi?"

"Kipo."

"Kipo wapi?"

Kimya akaonyesha mlangoni kwa kidevu. Shemeji akachungulia nje. Aliona mkokoteni, kuku wawili na jirani anayepiga mswaki. Kiwanda hakukiona. Akajiambia labda ni zile dawa za maumivu. Lakini moyo wake haukutulia. Tangu Kimya avunjike mkono, kazi ilikuwa imepungua na kodi ya chumba ilikuwa mlangoni. Kazi hii ya shule ikiwaponyoka, watafunga chumba. Na mumewe amemdanganya mwalimu mchana kweupe.

Mambo ya mtaa huo yalizidi kumchanganya. Jirani wa mkono wa kulia alikuwa fundi viatu kijana aitwaye Msafi, kwa sababu hata gundi ilimwogopa. Kila asubuhi Msafi aliingia bila kubisha hodi, akawasalimu, akachukua kalibu rafuni, akaondoka nazo. Kalibu ni umbo la mguu lililochongwa kwa mti. Fundi hujenga kiatu juu yake, na kila namba ya kiatu ina kalibu yake. Bila kalibu hakuna kiatu. Na huyu kijana alizibeba kama mtu anayechuma mchicha kwenye bustani ya mama yake.

Hata hilo lilikuwa na nafuu. Mteja mmoja aliuliza ndala za kike. Kimya akamshika mkono, akampeleka mwenyewe kwa Msafi. Shemeji alitaka kuuliza, akakumbuka atajibiwa neno moja, akarudi kwenye cherehani.

Siku Kimya alipokwenda hospitali kuangaliwa mkono, Shemeji aliamua kuweka mambo sawa. Alichukua kapu, akapita mlango hadi mlango. Kwa adabu kabisa aliwaambia majirani kwamba ana kazi kubwa ya shule, kwa hiyo anaomba kalibu za mumewe zirudi. Hakuna aliyebisha. Walimtazama kidogo, wakampa. Alirudi na kapu zito, akazipanga rafuni. Rafu ikajaa. Moyo wake nao ukajaa.

Haukupita muda, Msafi akaja.

"Shemeji, basi na mimi nichukue zangu," alisema taratibu, akachagua kadhaa rafuni. Akaja fundi wa mlango wa pili, akachukua zake. Akaja mwingine. Kila mmoja aliijua yake kwa alama iliyochongwa kisiginoni. Shemeji alisimama akiwatazama, hajui azuie au asaidie.

Walipomaliza, alizihesabu kwa macho zilizokuwa rafuni. Zilizobaki zote zilikuwa za wanaume wazima. Miguu mikubwa tu. Ya mtoto hata moja haikuwapo.

Alikaa chini. Alichukua kalibu moja, akaigeuza, akairudisha. Siku zote alidhani rafu ile ni ya mumewe. Kumbe nusu yake ilikuwa ya mtaa, na nusu ya mali ya mumewe ilikuwa imelala kwenye rafu za watu. Sasa nani alikuwa anamwibia nani? Alichukua kisu na kipande cha mpira akajaribu kukata soli mwenyewe. Kisu kilikwenda njia yake na mpira ukaenda njia yake. Soli ikatoka kama ramani ya nchi isiyojulikana. Machozi yakamlengalenga.

Hapo akaingia jirani wa mkono wa kushoto, Mama Soli, mwanamke mnene mcheshi ambaye kazi yake ni kukata soli tu. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kufungua mlango katika mtaa huo. Aliitazama ile soli.

"Hii ni ya mguu gani, mwanangu? Wa bata?"

Shemeji alitaka kucheka, akalia. Alimweleza yote, kuanzia kiwanda cha uongo mpaka ndala za kike. Kisha akauliza lile lililomkaa kooni.

"Mama, sisi wote tunatengeneza viatu. Tunagombea wateja walewale. Kwa nini tukae pamoja? Kwa nini tusitawanyike, kila mtu na wateja wake?"

Mama Soli alivuta kigoda. "Ulipokuwa unakaa nyumbani, ukitaka kiatu ulikuwa unakwenda wapi?"

"Nilikuwa nakuja hapa."

"Kwa nani?"

Shemeji alifikiri. "Hapa tu. Mtaani."

"Umejijibu. Mteja haji kwangu wala kwako. Anakuja mtaani, kwa sababu anajua hatarudi mikono mitupu. Mumeo akimpeleka kwa Msafi, mteja anaondoka ameridhika. Kesho anakuja tena na dada yake, na dada anataka viatu vya mume wake. Hivyo vinatoka kwako."

"Je, mimi nikihamia peke yangu kule barabara kuu?"

"Hamia. Cherehani yako ikiharibika, utamwita nani? Fundi wa cherehani za ngozi amepanga chumba pale kona kwa sababu hapa zimejaa cherehani. Kwa moja yako asingeweza kula. Lori la ngozi linashusha hapa kwa sababu tunanunua wengi, na bei inashuka. Hata umeme wa nguvu, tuliuomba kwa miaka kila mtu peke yake, hatukusikilizwa. Tulipokwenda mtaa mzima, nguzo zikaja."

Mama Soli alipangusa uso kwa ncha ya kanga, akaendelea. Alisema alipofika hapo, mji ule ulikuwa mahali pa magari kujaza mafuta na kuondoka. Vijana waliondoka na magari hayohayo. Baada ya mafundi kuongezeka, wafugaji wa vijijini wakapata pa kuuza ngozi. Akatokea mtu wa kuzilainisha. Wakaja wapika chakula, wenye vyumba vya kupangisha, wenye mikokoteni. Chuo cha ufundi kikafungua darasa la viatu, maana wanafunzi walikuwa na pa kujifunzia kazi na pa kuajiriwa.

"Kwa hiyo hatushindani?" Shemeji aliuliza. Alikuwa bado hajaelewa vizuri.

"Tunashindana vibaya mno. Msafi halali, anawaza mtindo wa kumshinda mumeo. Lakini tunashindana kwa kazi, hatushindani kwa kunyimana. Kalibu ni ghali. Hakuna hapa anayeweza kununua namba zote. Kila mmoja ana chache, tukizizungusha kila mmoja anazo zote."

Kisha akashusha sauti. Alisema kuna fundi mmoja aliyewahi kuficha karatasi ya boksi ndani ya soli badala ya mpira. Mvua ilipopiga, viatu vilifumuka barabarani. Watu hawakumtaja fundi yule. Walisema viatu vya mtaa ule vibovu, na kwa msimu mzima milango yote ilikaa bila mteja. Tangu hapo wanakaguana. Anayeharibu anaambiwa usoni, kwa sababu jina ni la wote.

Shemeji aliona aibu, na aliisema. "Mama, nimewakosea watu. Nitawatazamaje?"

"Kwa macho hayohayo. Beba kapu lako."

Njia ile ya asubuhi, safari hii ilikuwa ndefu. Kapu lilikuwa na kalibu za wanaume wazima, na kila mlango aliziacha alizozichukua, akaongeza moja mbili za rafuni na kuomba radhi. Msafi alimwona kwa mbali akaikumbatia meza yake.

"Shemeji, umekuja kuchukua na meza?"

Mtaa mzima ulicheka, na Shemeji naye akacheka. Hapohapo mlangoni akawaeleza kazi ya shule, akauliza nani ataweza nini, kila mmoja alipwe kwa kazi yake. Wakagawana. Msafi alikata ngozi. Mama Soli alikata soli. Shemeji alishona sehemu za juu, kazi aliyoijua kuliko wengi. Mafundi wa upande wa pili wa mtaa walivuta viatu kwenye kalibu na kuvipiga gundi. Kila jioni walikaguana, na jozi ya Shemeji yenye mshono uliopinda ikarudishwa ifumuliwe. Iliuma kidogo. Aliifumua.

Jioni ya siku ile ya kwanza, Kimya aliporudi kutoka hospitali, alisimama mbele ya rafu iliyokuwa tupu kabisa.

"Kalibu?"

"Zimekwenda kazini," alisema mkewe.

Kimya alitabasamu, akatafuta pa kukaa.

Mwalimu mkuu alikuja kabla shule hazijafunguliwa. Viatu vilikuwa vimepangwa ukutani mpaka mlangoni. Alichukua kimoja, akakikunja, akavuta soli kwa nguvu zake zote. Soli haikusogea. Akachagua vingine vya chini kabisa, akavifanya vivyo hivyo. Kisha akasema kuna shule mbili jirani zinazotafuta mtu wa kuzitengenezea viatu, naye atazielekeza hapa. Shemeji aliishika meza. Chumba hakitafungwa.

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaangaza macho kwenye kile chumba chenye cherehani moja.

"Lakini hiki kiwanda mbona sikioni? Nipelekeni nikakione."

Shemeji alimtazama, akamwonea huruma. Aliijua vizuri hali ile ya kutafuta kitu mahali ulipo. Akamshika mkono, akamtoa nje. Nyundo zilikuwa zinagonga pande zote mbili. Mama Soli alikuwa amepiga magoti juu ya mpira. Msafi alikuwa anagombana na mteja kuhusu rangi. Kona kule fundi wa cherehani alikuwa amelala chini ya cherehani ya mtu.

"Mwalimu," alisema Shemeji, "uko ndani yake tangu uliposhuka pale kona."

Mwalimu aligeuka huku na huku, akarudi kumtazama Kimya, kama anayeomba msaada.

"Nilikwambia kipo," alisema Kimya.