Kilichofungwa Ndani ya Usukani

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya ukuta wa gereji. Fundi mmoja mwanamke, ambaye mtaa mzima ulimwita Spana, aliona amalizie kazi moja kabla giza halijaingia: kuchomoa mhimili wa usukani wa pikapu ya marehemu kaka yake.

Pikapu ilikuwa kuukuu kuliko yeye mwenyewe. Ilikuwa imekaa chini ya turubai miaka tisa, tangu kaka alipopinduka nayo mbali na nyumbani. Spana alitaka kuifufua, ampandishe mama yao japo mara moja kabla hajafumba macho. Bodi alishainyoosha, injini alishaishusha. Ulibaki usukani.

Alifungua nati ya katikati, akafunga puli ya kung'olea usukani, akakaza. Usukani uling'oka kwa mlio mzito, kama mtu aliyeguna.

"Uzee huo," alijisemea. "Hata mimi magoti yananiguna."

Akajilaza chali mle ndani, akaingiza kichwa chini ya dashibodi, akafungua bolti zilizoushika mhimili. Akavuta. Haukutoka.

Akavuta tena.

Piii...

Honi.

Betri alishaitoa wiki mbili nyuma.

Ikaja harufu ya petroli na sabuni ya kufulia. Shati la kaka. Angeijua harufu ile hata usingizini. Kisha kiti kilicho kando yake kikabonyea taratibu, springi zikalia, kama mtu mzito anayeketi baada ya safari ndefu.

Spana alitoka kinyumenyume, moyo ukimdunda. Na ule mhimili uliogoma ukamfuata mikononi, mwepesi kama fimbo. Kutoka kwenye mdomo wa bomba lake kikadondoka kitambaa cheusi, chembamba kama kidole. Kilikuwa na mafundo mawili.

"Usiguse hicho!"

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni mwa gereji, ameegemea mkongojo.

"Mama, hiki ni nini?"

Bikizee alikikodolea macho kitambaa.

"Nilikitumbukiza mimi," alinong'ona. "Siku moja usukani ulipofunguliwa kutengenezwa, kaka yako amelala. Alikuwa ameanza kuzoea safari za mbali, na mimi roho juu. Mganga akaniambia, funga nywele zake kwa fundo la kitambaa, uzitie humo. Popote atakapokwenda, atarudi."

"Lakini hakurudi, Mama. Tulimzika."

"Anarudi." Machozi yalimtiririka. "Kila jioni, mwanangu. Namsikia akiingia. Hasemi kitu. Nakaa naye tu mpaka giza linapokolea."

Spana akakumbuka jioni zote alizomkuta mama yake ameegemea turubai lile, akizungumza peke yake. Naye alikuwa akimrudisha ndani, akidhani ni utu uzima.

Ndani ya pikapu, kitu kilishusha pumzi.

"Mama..."

Sauti ilikuwa ya kaka, ila imekauka, kama ya mtu aliyekula vumbi la barabara miaka mingi.

"Mama... nimechoka kurudi."

Mkongojo ukaanguka. Bikizee alisogea hadi kwenye mlango wa gari, akapapasa kiti kitupu, akapapasa mahali pa bega, mahali pa shavu. Alilia bila sauti. Spana hakuthubutu kumgusa.

"Nilidhani nakupenda, baba," mama alisema. "Kumbe nilikuwa nakuchosha."

Akanyoosha mkono. Spana akampa kile kitambaa. Vidole vya mama vikashindwa, akalifungua fundo moja kwa meno.

Kiti kikainuka.

Harufu ikapungua... ikapungua... ikaisha. Gereji ikabaki na baridi ya chuma. Mama aliketi kwenye ukingo wa mlango wa gari, mdogo kama mtoto, akasema, "Kaenda." Kisha akarudia neno hilohilo, kama asiyeamini kinywa chake.

Spana alichuchumaa, akamkumbatia. Walikaa hivyo muda mrefu. Alipotaka kumwinua, aliona mama bado amekifumbata kile kitambaa, kwa nguvu.

"Mama, limebaki fundo moja."

Mama alizidi kukifumbata.

"Hilo ni la nani?"

Mara tatu huko nyuma Spana alikuwa amepata kazi miji ya mbali. Mara tatu alifungasha, akaenda, na kabla ya mwezi kuisha akajikuta yuko mlangoni kwao na begi, asijue kilichomrudisha.

Mama hakumtazama. Alikisukuma kitambaa ndani ya nguo, kifuani.

"Mwanangu," alisema polepole, "kwani mimi nilizaa wangapi?"